Gécamines ilitutibu bure, sasa tuko na karte na bado tunalipa: asiransi ni wizi?

*"Jambo dokta. Miye niko mu Katuba, bwana yangu anatumika shofa ku sosiete moja ya sutretansi, inafanyiaka kazi mugodi mukubwa. Banamupatia karte ya asiransi (bima) ya jamaa yote. Mu mwezi ya sita mutoto wetu wa myaka tisa akapasuliwa apandisiti (kidole tumbo), siku ya tatu kliniki ikatuambia plafo, kiasi cha mwisho asiransi inalipa, imeisha, tulipe dola 380 mbele ya kutoka. Tukakopa. Papa yangu alitumikaka Gécamines tangu 1971, siye bote tulizaliwa mu opitali ya kampani, hatukulipaka hata franga moja, mpaka maziwa ya batoto balitupatiaka. Minauliza: ju ya nini ile ya zamani ilikuwa ya bure na muzuri, na hii ya leo yenye kulipa ni mubaya? Haya maasiransi si wizi tu? Tena kuko ajenti anasema tununue yetu wenyewe, na ku kanisa kuko mituweli (kasha ya watu kuchangia matibabu) ya bei kidogo. Tutoke mu hii ya kazi ama tuongeze ingine? Na mama yangu, mujane wa Gécamines, banamukatala mu karte. Atafanya namna gani?"*

Jambo mama, na pole sana na ile deni. Apandisiti haingojaki mtu atafute pesa, mulifanya vizuri kumpeleka mtoto na kukopa palepale, mambo ya franga yanasemwa nyuma mtoto akiwa mzima. Nitakujibu kwa urefu, ju swali lako la Gécamines, kampani ya kopa ya serikali, njo linafungua yale mengine yote, na watoto wa kampi wengi hapa Lubumbashi wananiuliza vilevile kila mara wakisimama mbele ya kaisi ya kliniki.

Nianze na ile bure. Mama, haikuwaka bure. Ilikuwa kipande cha mshahara wa papa yako, ila hakukiona kwenye karatasi ya malipo ju kilikuwa kinatoka kama sindano, kitanda na maziwa. Union Minière, kampani ya kopa ya Wabeleji ambayo nyuma iligeuka Gécamines, ilianzishwa 1906, na miaka yake ya kwanza watu waliletwa kutoka mbali, wakalala kwenye kampi mbaya, wakafa wengi na kuhara na homa ya mapafu, halafu 1918 ile gripe kubwa ikapita, na wale waliobaki hai wakimaliza kontra yao fupi wanarudi kwao. Kila mwaka kampani inatoa pesa tena kutafuta wengine, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini (njo Zambia ya leo), mpaka Ruanda-Urundi. Kufikia mwaka 1928 hivi wakubwa wake wakawa wamepiga hesabu wakaona kumtunza mtu aliyepo ni bei nafuu kuliko kumtafuta mpya. Wakaleta kontra ya miaka mitatu, wakaruhusu mtu aje na bibi yake, wakajenga materniti, watoto wakawa wanapimwa uzito na kupewa maziwa. Yule mzungu aliyesimamia mambo ya wafanyakazi weusi, Léopold Mottoulle, kazi yake ya kusomea ilikuwa udaktari. Kwa hiyo afya ya mfanyakazi na kazi ya mgodi zilikaa biro moja, chini ya mtu mmoja, na hesabu yake ilikuwa moja.

Na tusipake sukari. Ile kampani ya maziwa, Desemba 1941 watu waligoma kuomba mshahara upandishwe, wakapigwa risasi na askari hapahapa mjini, wakati huo ukiitwa Élisabethville. Mshahara ulikuwa mdogo ju sehemu kubwa kampani ilikuwa inakulipa kwa vitu, na vitu hivyo unavipata ukiwa ndani tu. Wazee walisema kampani ni baba na mama, na ni kweli, baba na mama njo wanaamua utakula nini.

Serikali ikaichukua Union Minière 1967, Gécamines ikarithi opitali, mashule na desturi ile. Papa yako aliingia wakati mzuri. Kopa ilipanda mpaka 1986 ikavuka tani 470,000 kwa mwaka. Wewe unakumbuka hiyo miaka, na unaikumbuka vizuri, sikukatalii. Kuko hata jambo moja ambalo wapenzi wa Gécamines wako sawa kabisa na wataalamu wengi wanalipita haraka: daktari wa kampani alikuwa anapata mshahara wake mwisho wa mwezi, akikupima mara moja ama mara tano ni uleule. Hakuwa na sababu ya kukuongezea egzamen. Shika hiyo, nitaigusa tena chini.

Lakini ile haikuwa asiransi. Asiransi ni pesa za watu wengi zilizowekwa kando mbele ya ugonjwa, mahali ambapo mwenye kampani hawezi kuzigusa akiwa na shida zake. Gécamines hawakuweka kitu kando. Kopa ikiuzwa, dawa zinaingia. Ugonjwa wa wafanyakazi wote, mabibi na watoto, ulibebwa na mgongo mmoja, na ule mgongo ulisimama juu ya kitu kimoja tu, kopa. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ukaporomoka, nyuma yake ukaja uporaji, vurugu za kisiasa, mashini bila vipuri, na 1994 kopa iliyotoka haikufika hata sehemu ya kumi ya ile ya 1986. Mishahara ikakaa miezi bila kutoka. Opitali zikabaki na kuta, vitanda na wauguzi, ila sindano na serumu familia iende kununua mwenyewe mjini. Halafu 2003 ikaja ile "kuondoka kwa hiari" iliyolipwa na pesa za Banki ya Dunia, watu zaidi ya 10,000 wakapewa kiasi mara moja na kontra ikakatika. Unajua mwenyewe wangapi walinunua kamionete wiki ile na nyuma ya mwaka hawana kamionete wala dokta.

Sasa utauliza, kwa nini hakukuwa na asiransi ya kuwapokea? Ju soko lenyewe halikuwako. Kasha la serikali, lile INSS la 1961 (leo linaitwa CNSS), lilishika pansio, ajali za kazi na posho ya watoto, ila ugonjwa wa kawaida halikuushika: huo sheria iliuacha kwa mwajiri. SONAS, sosiete ya asiransi ya serikali, ikapewa 1966 haki ya kuuza asiransi peke yake nchi nzima, na kwa watu wengi SONAS ilikuwa ile karatasi ya motokari unayomuonyesha polisi. Sosiete kubwa zilikuwa na opitali zao, hazikuhitaji kununua kitu. Wadogo hawakuwa na uwezo. Katikati, mahali ambapo nchi zingine asiransi ya afya ilikomaa, kwetu palikuwa patupu karibu miaka hamsini, na opitali za serikali zikawa zinaishi na kile mgonjwa analeta mkononi. Mpaka leo karibu asilimia 40 ya pesa zote za matibabu Kongo zinatoka moja kwa moja mfukoni mwa familia, siku ya ugonjwa, siku mbaya kuliko zote ya kutafuta pesa.

Kulikuwa na watu waliojaribu. Bwamanda, wakati huo jimbo la Équateur, 1986, wamisionari na madaktari wa opitali ya pale walianzisha asiransi ya opitali kwa walimaji. Uzuri wake ulikuwa kwenye vitu vidogo: waliandikisha watu mara moja kwa mwaka, wakati wakulima wanauza mavuno yao na pesa iko mkononi, na bei ilipimwa na bei ya soya, kilo kama mbili kwa kila mtu wa nyumba. Na lazima nyumba nzima iingie, hapana kuandika bibi mwenye mimba peke yake. Nyuma ya miaka michache zaidi ya nusu ya watu wa eneo lile walikuwa ndani, na wakati nchi inaanguka kila upande opitali ile iliendelea kulipa wauguzi wake. Kule Bukavu nako mituweli za jimbo katoliki zimekuwako tangu miaka ya 1990. Kwetu Katanga tulichelewa, na mimi naona sababu ni Gécamines yenyewe, mtu aliyezoea kuhudumiwa na kampani haoni kwa nini atoe franga akiwa mzima.

Na si kwetu tu kazi na matibabu vilifungwa kamba moja. Marekani nao, 1929, opitali ya Baylor kule Dallas iliwauzia walimu siku 21 za kitanda kwa senti 50 kwa mwezi, halafu wakati wa vita, 1942, serikali ikafunga mishahara isipande, mapatro (waajiri) wakawa wanavutia watu kwa kuwapa asiransi, na ikabaki hivyo mpaka leo: wengi wakipoteza kazi wanapoteza karte. Wajerumani walianza mapema kuliko wote, 1883, ila wao serikali ililazimisha, mfanyakazi alipe theluthi mbili na patro theluthi moja, kwenye makasha ambayo wafanyakazi wenyewe walikaa kwenye uongozi. Tofauti njo hiyo: nani analazimishwa, na pesa zinakaa wapi.

Turudi nyumbani. Sheria ya asiransi ya 17 Machi 2015 ilivunja ile haki ya SONAS ya kuuza peke yake. Ikazaliwa ARCA, ofisi ya kuchunga sosiete za asiransi, na 2019 ikatoa ruhusa za kwanza kwa sosiete za watu binafsi. Kwa hiyo soko unalolalamikia bado ni changa, mtoto wako wa miaka tisa ni mkubwa kuliko lile. Na kuko siku moja ambayo naona inagusa nyumba yako zaidi: 8 Februari 2017. Siku ile zilisainiwa sheria mbili zinazofuatana namba, ya kwanza ya sutretansi, ya pili ya mituweli. Ile ya kwanza inataka kazi ndogondogo za migodi zipewe sosiete za Wakongo, jambo zuri, ila imefanya mashofa, walinzi, wapishi na wasafishaji wengi wasiwe tena watu wa mgodi mkubwa, wako watu wa sosiete ya watu sitini ama themanini. Papa yako alikuwa na Gécamines nzima nyuma yake. Bwana yako yuko na patro mmoja mwenye malori, anayebishana bei ya kontra kila mwaka, na anapotafuta pa kupunguza, asiransi njo ya kwanza.

Sasa ile plafo. Nitakuelezea namna asiransi inahesabu, ju bila hesabu hiyo kila kitu kitaonekana wizi. Unajua likelemba: mko kumi, kila mwezi mmoja anachukua, na zamu yako itafika tu. Asiransi inakusanya pesa vilevile ila zamu haiko. Wengi hawatachukua kitu, na wachache watachukua kuliko walichotoa mara mia. Anayesema "nimelipa mwaka mzima sikuumwa, nimeibiwa" anaihesabu kama likelemba.

Chukua mfano huu, namba ni zangu za kufundishia. Watu 1,000, kila mmoja anatolewa dola 5 kwa mwezi. Kwa mwaka ni dola 60,000. Toa robo kwa ajili ya biro, ajenti, kodi na faida ya sosiete, inabaki 45,000, sawa na dola 45 kwa kila kichwa. Opereshoni moja ya dola 400 imekula mchango wa watu tisa. Kwa watu 1,000 hiyo inabebeka, ju hawapasuliwi wote. Lakini ukichukua jamaa chache tu za sosiete ndogo, mwaka ambao watoto wawili wanapasuliwa na mzee mmoja anaingia dialize, kasha limekauka mwezi wa tano. Sosiete ya asiransi inajua hivyo, kwa hiyo kundi dogo linalolipa bei ya chini linapewa plafo fupi. Patro akisema "nataka ya bei ndogo kabisa", hawamkatalii, wanamkatia dari chini. Wewe unaona karte ileile yenye rangi ileile na ya jirani anayetumika mgodi mkubwa, ila ndani ni vitu viwili.

Kuko na mambo ya kliniki pia, na hapa njo ile habari ya daktari wa Gécamines inarudi. Nimekaa upande wa asiransi, kwenye meza inayosaini maboni, zile karatasi za kukubali kulipa, nimeona fakitire (bili) nyingi za apandisiti. Ziko hivi: chumba, siku nne. Bloku, njo chumba cha kupasulia. Anestezi. Glavu, jozi kumi na mbili. Serumu. Antibiotiki ya sindano, halafu antibiotiki ingine ya sindano. Ekografi mbili. Kliniki ya leo inalipwa kwa kila kitu inachofanya, kwa hiyo inapoona karte mkono unakuwa mwepesi, na asiransi nayo ikiona glavu jozi kumi na mbili inakata, inachelewesha malipo, kliniki inakasirika, mwezi unaofuata inakataa karte za sosiete ile ama inapandisha bei. Katikati uko wewe na mtoto mwenye bandeji. Kwa hiyo inawezekana kabisa, mama, kwamba plafo ya mtoto haikuliwa na apandisiti peke yake. Omba fakitire yenye mistari yote, ni haki yako kuiona, hata kama alilipa mwingine. Kuko watu wamekuta siku ya kitanda ambayo mgonjwa alikuwa ameshalala kwake.

Wizi? Hapana, si kwa asili yake. Asiransi ya bei ya chini kwa kundi dogo inafanya kile kidogo ilichoahidi. Ila patro anayeinunua halafu anasema "mimi nimemaliza, nyinyi muonane na asiransi", huyo kwangu anadanganya, na hapa njo sehemu ambayo watu karibu wote hawaijui.

Sheria ya Kazi ya Oktoba 2002 inasema hivi, kwa maneno ya kawaida: mfanyakazi ama mtu wa jamaa yake akiumwa, akipata ajali, mimba ama kuzaa, mwajiri anatakiwa kumpatia matibabu, dawa, opereshoni, opitali, mpaka kontra itakapokatika, hata kama imesimamishwa. Mwajiri. Hawakusema sosiete ya asiransi. Karte ni njia ambayo patro amejichagulia ya kulipa deni lake, na plafo ni mapatano yake na asiransi, bwana yako hakusaini pale. Plafo ikiisha, deni la patro haliishi. Kwa hiyo zile dola 380 mimi ningeanza kuzidai kwake, kwa heshima lakini kwa karatasi. Barua fupi ya bwana yako, fotokopi ya fakitire, ya risiti na ya karatasi ya opereshoni yenye sini ya daktari, unapeleka biro ya personel na wanakupigia muhuri kwenye kopi yako. Ule muhuri usiusahau, bila muhuri kesho watasema hawakuona. Kama kuko delege wa sendika (chama cha wafanyakazi), aende naye. Wakikaa kimya, Inspeksio ya Kazi ya hapa Lubumbashi, ambapo ugomvi wa kazi unapita kwanza mbele ya kwenda tribunali, inawaita wote wawili, bwana yako na patro, wakae mezani. Najua woga uko wapi, kontra za sutretansi ni fupi na mtu anaogopa isirudishwe, sitakuambia woga huo ni wa bure. Njo maana ni vizuri wafanyakazi wengi waingie na barua moja, ju plafo hiyo iliwapiga au itawapiga wote, na patro hawezi kufukuza mashofa wake wote wiki moja.

Kuhusu kutoka kwenye hii ya kazi: hapana, usitoke. Hakuna kitu utarudishiwa, na utampa patro sababu ya kusema mumekataa. Badala yake ombeni ile tablo ya garanti, karatasi moja ama mbili zenye kuonyesha asiransi inalipa nini na kiasi gani, na musome mambo haya: plafo ni ya kila mtu ama ya jamaa yote? Ni ya mwaka ama ya kila kulazwa? Opereshoni iko na mstari wake? Munalipa asilimia ngapi nyinyi wenyewe? Kliniki gani ziko kwenye listi, na ni lazima boni mbele ya kulazwa ama mukiwa na haraka munaweza kuarifu nyuma, ndani ya masaa mangapi? Mara nyingi ugomvi wote umejificha kwenye mstari mmoja, plafo ya jamaa yote, mtoto mmoja akiila, bibi akija kuzaa haiko tena.

Yule ajenti. Sisemi asiransi ya kununua mwenyewe ni mbaya, ila uliza kwa baridi. Bei ya mtu mmoja mmoja inakuwaka juu, ju sosiete inaogopa kwamba anayekuja mwenyewe kununua ni yule anayejua ataumwa, kwa hiyo wanaweka na miezi ya kungoja mbele ya kuanza kufunika, hasa kwa kuzaa na opereshoni, na ugonjwa uliokuwa nao zamani wanautoa nje. Na asiransi mbili hazilipi fakitire moja mara mbili, ya pili itaziba tu kile ambacho ya kwanza imeacha, kama kontra yake inakubali. Kwa shofa mwenye karte ya kazi tayari, naona pesa hiyo ni nzito na kinachoongezeka ni kidogo. Kama bado munataka, muombe ajenti aonyeshe ruhusa ya sosiete yake kutoka ARCA na kontra nzima, ile brosha ya picha za familia inayocheka haitoshi. Akisema kontra utaipata ukilipa, musaidie kutoka mlangoni.

Mituweli ya kanisa naipenda zaidi kwa nyumba yako, ila na yenyewe iko na kipimo chake. Inashika vizuri vile vitu vya kila siku, malaria, kuhara, kidonda, mara nyingi na kulazwa opitali kubwa ukiwa na karatasi ya santé (kituo cha afya) iliyokutuma. Kliniki ya bei ya juu mjini haiishiki. Uliza wako wangapi, ju mituweli ya watu mia mbili inaanguka na sezariene tatu. Uliza nani anashika pesa na kama wanasoma hesabu mbele ya wanachama kila mwaka. Nenda ongea na muuguzi wa ile santé wanayotumia, si na mtu wa mituweli, na umuulize kama wanalipwa. Muuguzi hafichi hiyo. Na kama wanakuambia unaweza kuandikisha mgonjwa peke yake uache wazima, ujue haitachukua muda mrefu, Bwamanda walikuwa na sababu.

Kuhusu ile habari ya kuzaa bure ya serikali, unaweza kuisikia watu wakiichanganya na asiransi: ilizinduliwa Kinshasa Septemba 2023, nyuma ya sheria ya Machi mwaka uleule ya afya kwa wote, na inahusu mama na mtoto mchanga. Apandisiti haimo. Kabla ya kuitegemea uliza materniti unayoendea kama wao wameandikwa.

Sasa mama yako. Kwenye karte hawamkatalii kwa ubaya, sheria ikisema jamaa ya mfanyakazi inahesabu bibi na watoto anaowalea, mama mkwe haingii, hata angekaa kwenu miaka ishirini. Kwake njia ni mbili na zifuatwe zote. Ya kwanza, mituweli, mumuandikishe ndani ya nyumba yenu akiwa bado mzima kiasi, msingoje presha ipande. Ya pili ni karatasi za marehemu. Aende yeye mwenyewe, na wewe pembeni, biro ya CNSS na kitambulisho, sheti ya ndoa, sheti ya kifo na karatasi yoyote yenye namba ya kazi ya papa, aulize kama anastahili pansio ya mjane na imefika wapi. Matibabu haitamlipia, ila itakuwa pesa ya kila wakati inayoweza kulipa mituweli yake. Halafu Gécamines: inategemea papa aliondoka namna gani. Aliyekufa kazini, aliyepata pansio na aliyesaini 2003 hawako na haki moja, na hapo sitakudanganya kwa mbali, lazima mtu ashike zile karatasi mkononi. Kama majirani wa kampi walishamaliza safari hiyo, waende naye, wanajua mlango gani.

Kitu kimoja cha udaktari nimalize nacho. Mtoto ama mtu mkubwa akiwa na tumbo linalouma upande wa chini kuume, anatapika, homa inapanda, tumbo limekuwa gumu, musikae nyumbani kungoja boni isainiwe wala kutafuta kliniki ya listi. Kimbilia opitali ya karibu yenye bloku, Sendwe ama ingine, halafu bwana apige simu kwenye asiransi na kwa patro saa ileile na aandike saa aliyopiga na jina la aliyemjibu. Kwa zile dola 380, muanze barua wiki hii, musingoje mwisho wa kontra, na mukiona maneno ya tablo ya garanti hayaeleweki muje na karatasi yenyewe kwa enspekta wa kazi ama kwa sendika, wakiisoma mbele yenu watajua plafo ile ni ya nini.